Mwongozo wa Mgeni Anayekuja Kisii na Uthibitisho Begini

Kwanza hongera. Kampuni yako ya Nairobi imekuchagua wewe, wala si meneja wako, upande gari la alfajiri uje Kisii kuwaeleza viongozi wa Sacco moja kwamba mfumo mnaowauzia ni salama. Na si salama wa maneno matupu: umethibitishwa kihisabati. Ripoti unayo begini, ina jalada gumu, na ndani mna herufi za Kigiriki za kutosha kumnyamazisha yeyote atakayethubutu kuinua mkono. Meneja wako angekuja mwenyewe, ila alikwisha kuja mara moja.

Mfumo wenyewe ni wa kugawana data za fedha. Mkulima wa chai wa Kebirigo, mwanachama wa Sacco, anataka mkopo wa karo kutoka kampuni nyingine. Zamani angebeba taarifa ya akaunti yenye mhuri, barua ya chifu na subira. Sasa anabonyeza kitufe kwenye simu, Sacco inaifungulia kampuni ile hesabu zake, na jibu linatoka kabla hajafika stendi. Uingereza ilizitaka benki zake tisa kubwa zifungue milango ya aina hii kuanzia Januari 2018. Australia na Brazil zikafuata. Kwetu milango imekuwa ikifunguka mmoja mmoja, kila kampuni na wakati wake. Safaricom iliwafungulia waunda programu lango la M-Pesa liitwalo Daraja mwaka 2017. (Ukifika Kisii usiseme tu kwamba data zitapitia Daraja. Utaonyeshwa njia ya kwenda soko la Daraja Mbili, na utarudi na mkungu wa ndizi.)

Jua ulichobeba

Watu wa mauzo hulipenda neno "imethibitishwa" kwa kuwa halitozwi ushuru. Mmoja akilitumia ana maana kwamba mkaguzi alikuja, akajaribu kuvunja mfumo wiki nzima, akashindwa, akaandika cheti. Mwingine ana maana kwamba kwenye tovuti yao mna picha ya kufuli. Ukitaka kuishi kwa amani kazini, ziache maana hizo zichanganyike na usimsahihishe mtu.

Ukitaka kujua kilichomo begini, ni hivi. Uthibitisho wa kihisabati huanza kwa kuiandika itifaki, yaani utaratibu wa nani anamwambia nani nini na lini, kwa kanuni zisizo na utata. Kisha unamwandika mwizi, naye kwa kanuni: anaweza nini, hawezi nini. Kisha unaandika lile usilotaka litokee, kwa mfano mtu asiye na idhini kusoma akaunti ya mkulima. Mwisho unaonyesha, kwa mkono au kwa programu, kwamba hakuna mfuatano wowote wa hatua, hata uwe mrefu namna gani, unaomfikisha mwizi hapo. Mkaguzi alijaribu njia alizozifikiria. Uthibitisho unazungumzia njia zote, pamoja na zile ambazo hakuna aliyezifikiria. Ndiyo maana ni kazi ya miezi, na ndiyo maana meneja wako ameutaja kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwizi anayetumika sana katika hesabu hizi alichorwa na Danny Dolev na Andrew Yao katika makala ya mwaka 1983. Mwizi huyo anamiliki mtandao wote. Kila ujumbe unapita mikononi mwake: anausoma, anauzuia, anaubadilisha, anautuma tena kesho, anatunga wake na kuupa jina la mwingine. Asichoweza ni kimoja tu, kukifungua kilichofungwa kwa siri bila kuwa na ufunguo. Wageni huwa na wasiwasi kwamba watu wa Gusii hawatamwelewa mwizi wa aina hii. Watamwelewa. Yeyote aliyewahi kutuma karo kwa mkono wa mtu anayempa mtu ampelekee mtu, huyo somo la Dolev na Yao alikwisha kulimaliza.

Ili usidhani hesabu hizi ni mapambo, soma kisa cha Needham na Schroeder njiani, gari likishapita Narok. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki za kuwawezesha watu wawili kutambuana mtandaoni. Kiini cha mojawapo ni jumbe tatu tu. Mabingwa waliisoma, wakaifundisha, wakaipitisha kwenye mantiki iliyobuniwa mahususi kwa kazi ya namna hiyo, na ikakaa miaka 17. Mwaka 1995 Gavin Lowe akaonyesha tundu: ukianza mazungumzo halali na mtu mwovu, anaweza kuzichukua jumbe zako akajifanya ni wewe mbele ya mtu wa tatu. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba programu ya kompyuta hulipata tundu hilo yenyewe. Dawa ilikuwa kuongeza jina moja kwenye ujumbe wa pili.

Waliotangulia walimtazamia mwizi aje kutoka nje. Lowe alimweka ndani, akampa kadi ya uanachama. Lirudie hilo moyoni gari likiingia Bomet, maana unakwenda kukaa na watu wa Sacco, na hao wanamjua mwizi mwenye kadi ya uanachama kuliko profesa yeyote.

Itifaki ambayo kampuni yako imeiiga inaitwa FAPI, kazi ya taasisi ya OpenID Foundation, na benki za Uingereza na Brazil zinaitumia. Imejengwa juu ya OAuth 2.0 ya mwaka 2012, ile inayofanya kazi kila unapoingia kwenye tovuti kwa akaunti ya Google. Mwaka 2019 Daniel Fett, Pedram Hosseyni na Ralf Küsters waliichambua FAPI kwa modeli inayojaribu kuibeba wavuti nzima: vivinjari, seva, vidakuzi, kuelekezwa huku na kule. Walikuwa wanatafuta uthibitisho. Kilichotangulia kupatikana ni mashambulizi.

Moja walilipa jina la kekeo, ndege anayetaga yai lake katika kiota cha mwenzake, na inafaa ulielewe kabla ya kushuka kwenye gari. Mkulima wetu akisharidhia, Sacco huipa kampuni ya mkopo tokeni, yaani kibali cha kusoma hesabu zake. (Si ya stima, ingawa zote mbili zikifika kwa mtu mwingine kilio ni kimoja.) Waandishi wa FAPI walikuwa wamefikiria kwamba tokeni inaweza kuibwa. Kwa hiyo waliifunga kwa kampuni iliyopewa: mwizi akiishika haimfai kitu, kwa kuwa kampuni hiyo peke yake ndiyo inayoweza kuitumia. Safi. Basi mwizi hakujisumbua kuitumia. Alikwenda kwa kampuni ileile kama mteja wa kawaida, kupitia benki mbovu iliyomo kwenye orodha ya benki zinazoshirikiana nayo, na benki hiyo ikaikabidhi kampuni tokeni ya wizi kana kwamba imetolewa leo kwa ajili ya mteja huyu. Kampuni, kwa uaminifu wake wote, ikaitumia tokeni ya mkulima kumhudumia mwizi.

Hakuna ufunguo uliovunjwa. Kila mtu alifanya kazi yake kama ilivyoandikwa, na kilichoandikwa ndicho kilichokuwa na kasoro. Watafiti walipendekeza marekebisho, kisha wakathibitisha itifaki iliyorekebishwa. Na haikuishia hapo. Toleo la pili la FAPI lilipoandaliwa, kundi lilelile la watafiti, la Stuttgart, liliendelea kulipekua, na Januari 2025 tundu jingine likatangazwa: benki mbovu iliweza kuifanya kampuni itie sahihi utambulisho wenye anwani ya benki nzuri, ikauchukua utambulisho huo na kwenda nao kwa benki nzuri kujifanya ndiyo kampuni. Februari 2025 toleo hilo likapitishwa likiwa na kiraka chake.

Kwa hiyo ukikuta ripoti yako inajisifu kwamba tangu mwanzo hadi mwisho haikuonekana kasoro hata moja, mahali popote, kwa yeyote, una sababu ya kukosa usingizi. Uthibitisho wa kweli huwa na makovu.

Jambo jingine dogo. Programu zinazotumika sana kwa kazi hii ni ProVerif, ya Bruno Blanchet wa Ufaransa, na Tamarin, iliyozaliwa Zürich. Ukimuuliza ProVerif swali, anaweza kusema ndiyo, au hapana, au nimeshindwa kuthibitisha. Na wakati mwingine hasemi lolote, anaendelea kuzunguka mpaka stima ipotee. Kuna watu wa mauzo ambao kwao majibu hayo yote manne yanasomeka "ndiyo."

Ukifika

Gari litakushusha karibu na raundabauti ya Capital. Kisii ni mji wa mlimani uliobanana. Mvua ya alasiri haikupigii simu kabla ya kuja. Vaa viatu vya kweli.

Mwenyekiti usimwite kwa jina. Ni Mwalimu, hata kama amestaafu. Mweka hazina ni Mama, au Madam ikiwa naye alishika chaki. Wewe ni "kijana" mpaka utakapooa, na hata ukioa cheo hakibadiliki siku hiyohiyo. Salimia kila aliyemo chumbani kwa mkono. Mgeni akiruka mkono wa mzee aliyejikunyata pembeni, atakuja kugundua ndiye anayeongoza kamati ya usimamizi, ile inayoweza kuamka na kusema hesabu hizi zirudiwe. Chai italetwa kabla ya ripoti. Kunywa, na uisifu, maana baadhi ya waliomo chumbani wameipanda.

Kisha utaeleza. Utaonyesha michoro, mishale, kufuli, herufi za Kigiriki. Watakusikiliza kwa adabu kubwa, na adabu hiyo isikudanganye. Ukimaliza, Mwalimu, aliyefundisha hisabati sekondari za Nyamira kwa sehemu kubwa ya maisha yake, atavua miwani.

"Kijana, sisi tulipokuwa tunathibitisha jambo katika jiometri, mstari wa kwanza ubaoni ulikuwa 'tumepewa'. Wewe umepewa nini?"

Hapa ndipo wageni wengi huangukia. Meneja wako alijibu, "Viwango vya kimataifa, Mwalimu." Ndiyo maana umekuja wewe.

Umepewa nini

Masharti ya uthibitisho huwekwa kwenye kiambatisho, nyuma ya picha za timu. Ushauri wa kawaida kwa kijana mwenye malengo ni kutoufungua ukurasa huo. Wako waliopandishwa vyeo bila kuusoma. Lakini Mwalimu ameuliza, na Mwalimu ana siku nzima. Ufungue.

Sharti la kwanza linasema mtumiaji ni mmoja, ana kifaa chake, na siri yake anaijua yeye. Kwenye modeli huyu ni herufi moja. Mshushe herufi huyo hadi kituo cha kununulia chai kijijini. Namba ya mkulima mara nyingi iko kwa jina la baba. Anayechuma ni mama. Simu inakaa kwa kijana wao, kwa kuwa macho ya baba hayaoni tena maandishi madogo, na laini iliandikishwa kwa kitambulisho cha binti aliye Nairobi tangu siku alipowanunulia simu. Bonasi ikitangazwa, ujumbe unaingia kwa kijana, anamsomea baba, baba anamwambia mama kiasi anachoona kinafaa kusemwa. Mtumiaji ni nani hapo? Yeyote utakayemtaja, watatu watakuwa wamebaki nje ya hesabu, nao wote wanaijua nambari ya siri, ambayo ni mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba.

Nenda sasa kwa wakala wa M-Pesa siku ya soko, Keroka au Suneka, popote. Bibi anampa wakala simu. Wakala anabonyeza, anafika mahali pa nambari ya siri, anamrudishia bibi. Bibi anamrudishia wakala na kuitaja nambari kwa sauti, kwa kuwa masikio yake hayasikii vizuri na anadhani ya wengine nayo ni hivyohivyo. Foleni nzima imeisikia. Foleni nzima inatazama pembeni kwa heshima. Mwizi wa Dolev na Yao, anayemiliki nyaya zote za dunia, hangeweza kuipata nambari hiyo kutoka hewani ilikofungwa. Aliyesimama nyuma ya bibi na kreti ya mayai ameipata bure.

Na usije ukaandika kwenye ripoti yako kwamba "watumiaji wa vijijini wanahitaji kuelimishwa." Bibi anamwamini wakala kwa sababu anamjua mama yake, anamjua nyanya yake, na wakala akimwibia habari zitafika kanisani kabla yake. Huo nao ni utaratibu wa usalama, umefanya kazi miaka mingi, na modeli yako haina mahali pa kuuandika. Mfumo unaomhamisha bibi kutoka kwa wakala anayejulikana kwenda kwa kampuni isiyojulikana umempunguzia ulinzi, hata kama kila mstari wa hesabu uko sawa.

Sharti la pili: namba ya simu ni ya mtu yuleyule jana na leo. Ukitoka Narok kwenda Bomet, gari lako lilikatiza mji mdogo wa Mulot. Kwa miaka mingi mji huo umekuwa ukitajwa katika taarifa za polisi kwa ajili ya magenge yanayohamisha laini za watu na kuingia kwenye pesa zao, jambo linalowachosha wakazi wengi wasiohusika. Laini ikihamishwa, kila ujumbe wa uthibitisho unamfikia mwenye laini mpya, na itifaki inamtambua kwa furaha. Hata bila magenge, laini iliyolala muda mrefu huuzwa upya. Mzee akifariki, namba yake baada ya muda inaweza kuwa ya kijana wa Mombasa asiyejua kwamba anapokea idhini za akaunti ya chai ya Nyamira.

Sharti la tatu ndilo fupi kuliko yote: mtumiaji akibonyeza "Nakubali," amekubali. Hapa Mama mweka hazina atakuuliza skrini ya idhini iko kwa lugha gani. Jibu unalijua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iliyo huru, mahususi na yenye ufahamu. Kwenye modeli, ridhaa ni mshale kutoka kushoto kwenda kulia. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000. Majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine zilikuwa zimetumika kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Tafuta ni itifaki ipi iliyovunjwa hapo. Haipo. Data ilisafiri salama salimini kutoka mkononi mwa mkopaji hadi kwa mtu wa kudai madeni. Benki Kuu tayari ilikuwa imewakataza wakopeshaji wa kidijitali tabia hiyo katika kanuni zake za mwaka 2022. Siri ya njiani ilikuwa timilifu. Shida ilikuwa kwa aliyepokea.

Masharti mengine yasome haraka, ila yasome. Kuna linalosema programu iliyojengwa ni ileile iliyothibitishwa. Utaratibu wa kupeana funguo katika WPA2, unaolinda Wi-Fi ya karibu kila saiba hapa mjini, ulikuwa na uthibitisho wa kihisabati. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef, wa chuo kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, akaonyesha kwamba kifaa kinaweza kudanganywa kiuweke upya ufunguo ambao tayari kinautumia, na ulinzi ukaporomoka. Uthibitisho ulibaki wa kweli. Haukuwa umezungumzia ufunguo unawekwa lini, na hakuna aliyeuuliza.

Kuna pia linalosema, kwa kunyamaza, kwamba kati ya Sacco na kampuni hakuna mtu wa tatu. Muulize bosi wako kwa simu, mbele yao, ni nani anayeunganisha mifumo hiyo miwili. Huwa yupo, na mkataba wake huwa haumo kwenye ripoti. Oktoba 2020, MTN Uganda, Airtel Uganda na benki ya Stanbic Uganda zilitoa tamko la pamoja kwamba mfumo wa mtoa huduma wa nje ulikuwa umepata hitilafu iliyogusa miamala kati ya benki na simu, na huduma hizo zikasimamishwa kwa muda. Wadukuzi walikuwa wamepitia kwa mtu wa katikati.

Yule mpwa anayejua kompyuta

Katika kila mkutano wa namna hii yumo mpwa wa mjumbe fulani, amesomea kompyuta, na ameketi karibu na mlango. Akishasikia yote haya atasimama na kusema, "Basi hesabu hizi ni za vitabuni tu. Tuchukue mfumo wa bei nafuu." Makofi yatapigwa.

Huyu naye hana habari, na mwongozo huu unamhusu. Mpe kisa cha kadi za benki. Kanuni za kadi zenye chipu, ziitwazo EMV, zinajaza zaidi ya kurasa 2,000. Benki zilizisoma, wakaguzi wakazisoma, mamilioni ya watu wakalipa nazo. Kisha David Basin, Ralf Sasse na Jorge Toro-Pozo wa Zürich wakaziandika kwa Tamarin, na programu ikawatolea njia ya kulipa kwa kadi ya Visa ya kugusisha, kiasi kinachohitaji nambari ya siri, bila nambari ya siri. Simu mbili zilizowekwa katikati huiambia mashine ya dukani kwamba mteja amekwisha kuthibitishwa kwenye kifaa chake, na mashine inakubali. Hawakuiacha vitabuni: waliijaribu kwenye mashine za kweli, kwa kadi zao wenyewe. Kosa la namna hiyo hulioni kwa macho, kwa sababu kila ukurasa peke yake uko sawa.

Kwa hiyo mpwa akae. Mfumo wa bei nafuu hauna masharti machache kuliko huu. Una masharti yaleyale, ila hakuna aliyeyaandika. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hesabu hizi kwa Sacco ya Kisii, na watu wa mauzo hawaitaji kwa kuwa haivutii: uthibitisho ukifanywa vizuri unamlazimisha mtu aandike, kwa mistari inayohesabika, kila anachokitegemea bila kukichunguza. Ukishaiona orodha unaweza kushuka nayo hadi kituo cha kununulia chai ukauliza ni mstari upi wa uongo.

Na mingine inaweza kurekebishwa. Idhini inaweza kusomwa kwa sauti, kwa Ekegusii au Kiswahili, ikataja jina la kampuni, inachotaka kusoma na mpaka lini. Laini iliyohamishwa juzi inaweza kunyimwa ruhusa ya kufungulia data kwa siku kadhaa. Mwanachama anaweza kuruhusiwa kumtaja mtu anayemsaidia kutumia simu, huyo akaandikwa kwenye modeli kama mtu wa kweli mwenye mipaka yake, badala ya wote kujifanya hayupo. Ukifanya hivyo itabidi uthibitisho urudiwe, na utakuwa mgumu zaidi. Meneja wako hatafurahi.

Ya kuepuka

Usiseme "haiwezekani kudukuliwa." Usimwambie Mwalimu kwamba jambo ni la kitaalamu sana. Usiseme "kama benki za Ulaya" kwa watu ambao Sacco yao iliwasomesha watoto wakati benki hazikuwataka. Usitumie mwanachama hata mmoja wa kweli kama mfano kwenye skrini, hata ukificha jina. Gusii si kubwa kiasi hicho, watamjua kwa kiasi cha mkopo tu. Na ukipelekwa kununua vinyago vya mawe ya Tabaka, usibishane bei kwa kutaja uliyoona Nairobi.

Kabla ya kupanda gari la kurudi, acha vitu viwili mezani kwa Mama mweka hazina: ukurasa wa masharti ulioandikwa upya kwa Kiswahili cha kueleweka, na namba ya toleo la programu lililothibitishwa, hilo na si jingine. Waambie wazi kwamba kampuni ikibadilisha mfumo, uthibitisho wa leo umekufa na mtu lazima arudi na mwingine. Safari hiyo iandikwe kwenye mkataba. Kampuni ikisema haiwezi kuigharamia, Sacco isitie sahihi.